Fungu la Dubu

Maneno yalinifikia nikiwa nimeshika karata mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, theluji imebaki kwenye vivuli tu, na sisi wanawake wa bondeni tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi wa kijiji, miguu chini ya blanketi, sakafu imepashwa joto kwa moto wa chini yake. Ok-bun, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akatupa karata yake chini, akasema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Nasikia kuna mtu wa bonde letu anamtegea Mkaguzi waya."

Niliyaona macho yakinijia, moja moja, kisha yakarudi kwenye karata.

Mkaguzi ni dubu, jike. Wagema wetu ndio waliompa jina hilo, kwa sababu msimu wa kugema miti ya gorosoe kwa ajili ya maji yake matamu ukifika, yeye huamka mapema kuliko wenzake na kupita mti kwa mti kama mtu wa serikali. Anaikagua mipira inayoshusha maji ya mti mpaka kwenye matangi yetu, na mpira unaompendeza anautafuna. Anakunywa anachokunywa, mengine yanamwagika. Ana kidude cha redio sikioni, maana yeye ni mmoja wa dubu waliorudishwa Jirisan wakati sisi tumeshasahau kwamba mlima huu uliwahi kuwa na dubu.

Mlima wetu ni hifadhi ya taifa. Tunagema ndani yake kwa makubaliano: kijiji kinaulinda mlima, na mlima unakipa kijiji maji yake. Kila majira ya baridi tunapanda kuondoa mitego ya waya iliyoachwa na wawindaji wa zamani. Na ukikutwa waya mmoja tu uliotegwa na mtu wetu, kibali cha kugema kinafutwa. Si cha mwenye waya peke yake, cha kijiji kizima. Bila maji ya gorosoe bonde letu lina nini? Mawe, chai kidogo, na wazee.

Na waya alikuwa ameununua mwanangu.

Aliununua soko la Hwagae, mchana, mbele za watu, akaubeba begani huku akisema kwa sauti ile ya baba yake isiyojua kunong'ona: "Mwaka huu mimi na yule bibi tutaelewana!" Watu wakacheka. Sasa hawakuwa wanacheka tena.

Tae-gon ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa Ulsan miaka mingi akichomelea vyuma vya meli za watu, akarudi baada ya baba yake kufariki, akachukua eneo letu la kugema. Ni eneo la juu kabisa, juu ya Mwamba wa Kobe, penye miti minene kuliko yote. Ndiko anakopita Mkaguzi vilevile. Msimu wake wa kwanza dubu huyo alimtafunia mipira mpaka kijana akawa anashuka jioni na tangi nusu, uso umemshuka. Nilikuwa nikimwangalia akila kimya, najua anaifikiria Ulsan.

Basi nilirudi kutoka ukumbini, nikaenda moja kwa moja kwenye banda. Waya haukuwepo. Nikainua macho kwenye ukingo wa paa, tunakoanika matunda yetu ya gam mpaka yakauke na kuwa matamu kama halua. Nyuzi zilikuwa na mapengo. Waya umetoweka, na kitu kitamu kimetoweka. Hata mtoto mdogo angejua hicho ni chambo.

Asubuhi yake nikamwuliza tukiwa mezani.

"Tae-gon, ule waya uko wapi?"

"Uko kazini, Mama."

"Kazi gani ya waya? Sisi mipira tunaifunga kwa kamba."

"Kula, Mama, supu inapoa."

Mtoto akianza kumwambia mama yake ale, kuna jambo. Akavaa viatu, akatupa mfuko mgongoni, akaondoka kabla wagema wengine hawajapiga hata mswaki. Nikamwacha akate kona. Kisha nikachukua fimbo nikamfuata.

Sitaeleza nilivyopanda. Magoti yangu yanajua. Kichwani nilikuwa na picha moja tu, mguu wa mnyama umekazwa na waya, na mwanangu amesimama katikati ya askari wawili, na kijiji kizima kimenipa mgongo.

Juu ya Mwamba wa Kobe, ukingoni kabisa mwa eneo letu, nikauona mti mmoja wa gorosoe ambao mpira wake haukuunganishwa na wenzake. Ulikuwa unadondosha maji kwenye ndoo, na ndoo imefungwa kwenye shina kwa ule waya. Waya mwingine ulitoka tawi hadi tawi, na juu yake yameanikwa matunda yangu ya gam kama mapambo ya sikukuu. Nikaanza kuchokoachokoa majani makavu kwa fimbo, nikitafuta kitanzi.

"Mama! Unatafuta uyoga mwezi wa tatu?"

Alikuwa amesimama juu yangu na mpira umezungushwa begani.

"Natafuta kitanzi chako," nikasema.

Alichukua muda kuelewa. Kisha masikio yakamwiva. "Wamesema nimetega?"

"Wamesema."

"Na wewe ukaamini."

Fimbo yangu ilikuwa imejaa majani ya kuchokoa. Ilinijibia.

Hakukasirika. Tae-gon hukasirikia mashine tu. Alikaa kwenye jiwe akanikunjulia koti lake nikae. "Mama, kila mwaka tukichuma gam ulikuwa unanizuia nisiguse yale ya kileleni. Nikikuuliza kwa nini, unasema, 'Hayo ya kunguru.' Si ndiyo?"

"Ndiyo. Ni fungu la kunguru. Mti hauchumwi wote."

"Basi na huyu bibi nimemwekea fungu lake. Mti mmoja wa mwisho, na vitu vidogo vya kutafuna. Tangu nianze hajagusa mpira wangu hata mmoja. Nenda ukaitazame. Anakuja hapa, anakunywa, anakula, anaondoka zake. Nilikwambia tutaelewana."

Nilikaa pale nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Wenzake wa rika lake wangeweka sumu. Huyu, dubu amemfanya ashuke na tangi nusu, naye anamwandalia meza. Nilishuka mlima nikiwa mrefu kuliko nilivyopanda, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda ukumbini.

"Ok-bun," nikasema hata sijavua viatu, "yule mtega waya wako nimemkamata. Amemtegea dubu gam kavu!"

Nikawaeleza yote, na nikaongeza na chumvi kidogo, maana mama akisifia mwanawe hapimi. Kabla jua halijafika katikati bonde zima lilikuwa na habari. Mwenyekiti Pyo, mzee wetu wa kijiji, akaja mwenyewe kumpiga Tae-gon mgongoni: "Mwana wa baba yake! Mke tu ndiye bado."

"Dubu jike anaye," akasema Ok-bun. "Kila asubuhi anampelekea kifungua kinywa."

Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka kuliko wote, na cheko hilo nalikumbuka hadi leo kwa hofu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ubaya haukuanzia kwa mtu mbaya. Kila mgema alitaka mipira yake iwe salama kama ya Tae-gon, na kila mmoja alitaka pia kusifiwa kama Tae-gon. Huyu akaweka ndoo yake mpakani mwa eneo lake, yule akaweka viazi vitamu vya kuchemsha. Ok-bun, ambaye eneo la marehemu mumewe liko chini karibu na kijito, akapeleka mikate ya mchele. Maeneo yetu yanashuka mlimani kama ngazi, moja chini ya lingine. Kila fungu likawa chini ya fungu. Mkaguzi akashuka ngazi zake taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na sisi wenyewe ndio tuliomwandalia kila kipandio.

Kipandio cha mwisho kilikuwa ua wa Ok-bun.

Alikuwa na wageni kutoka Busan, wale wanaokuja kila msimu kujifungia kwenye chumba chenye sakafu ya moto, wanakula samaki mkavu wa chumvi ili wapate kiu, wanakunywa maji ya gorosoe siku nzima wakisema yanaponya mifupa. Mchana mweupe, niko jikoni kwangu, nikasikia kishindo kama cha sahani kubwa ikivunjika. Kisha sauti ya Ok-bun ikaruka ukuta:

"Mama Tae-gon! Mkwe wenu yuko kwangu!"

Nikachungulia. Dubu alikuwa amekaa kwenye jukwaa la mitungi tunamochachushia soya, kama mwenye nyumba. Mtungi mkubwa wa soya umepasuka, naye analamba vidole. Mlango wa wageni umefunguka upana wa jicho, na mzee mmoja wa Busan amesimama ndani na kikombe mkononi, hajui akinywe au akiweke. Ok-bun naye yuko barazani na ufagio.

"Soya yangu ya miaka mitatu!" analia. "We bibi, huna haya? Mikate yangu haikutosha?"

Na dubu hakukimbia. Hilo ndilo lililonitisha. Mnyama wa mwituni akisikia sauti ya mtu anaondoka. Huyu alimgeukia Ok-bun, akamtazama mikononi kuona amemletea nini, akapiga hatua mbili kumwendea. Ok-bun ufagio ukamdondoka. Nilipiga sufuria kwa mwiko hadi mwiko ukavunjika. Ndipo dubu akasita, akageuka, akaondoka bila haraka.

Siku hiyohiyo Bi Noh akaja. Noh Hae-rim ni mhifadhi anayefuatilia dubu wa upande wetu, binti mkimya mwenye antena mkononi muda wote. Kabla hajafika, Mwenyekiti Pyo alitukusanya ukumbini akafunga mlango.

"Sikilizeni. Dubu ana pua. Amesikia harufu, ameshuka. Sisi hatujui kitu. Tumeelewana?"

Tukasema tumeelewana.

Bi Noh akaingia, akavua viatu, akaweka gunia katikati ya sakafu. Akatoa ndoo, na ndoo nyingine, na vikapu, na mwisho sufuria ya bati yenye ua jekundu ubavuni. Kila mwanamke mle ndani aliijua ile sufuria.

"Nimetoka mlimani," akasema. "Hii nayo ni ya dubu?"

Mtu akakohoa.

"Sikuja kumfunga mtu. Nimekuja kwa ajili ya Mkaguzi." Alimwita kwa jina letu. "Dubu aliyezoea chakula cha mtu hawezi kuachwa hivyo. Tutamfukuza kwa kelele. Akiendelea kurudi, tutamchukua, na ataishi kwenye kizimba mpaka kufa kwake. Akimdhuru mtu, ni hivyohivyo, na mtu huyo atakuwa ameshadhurika. Sasa nataka kujua amelishwa nini, wapi, na nani alianza, ili nijue amefika umbali gani. Na kibali chenu, sijui nitakiombea kwa maneno gani kama hakuna hata mmoja anayenieleza ukweli."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mwanangu, na nikamshika shati kwa chini, pasipoonekana. Mama yeyote angeshika. Nilihisi mgongo wake ukikaza, nikakaza na mimi. Kisha shati likaniponyoka, kwa sababu alikuwa amesimama.

"Ni mimi, Bi Noh. Mti wa kwanza ni wangu na ndoo ya kwanza ni yangu. Hawa wengine waliniiga tu. Kama kuna kibali cha kufuta, futa changu."

Ulsan niliiona pale mbele yangu, na kituo cha basi, na begi lake.

Halafu Ok-bun akaruka kama amekalia kaa la moto. "Eti waliniiga! Mimi, mtu mzima na meno yangu haya, niige kitoto hiki? Mikate ya mchele ilikuwa akili yangu mwenyewe! Andika, binti, Ok-bun, mikate ya mchele!"

"Viazi vitamu ni vyangu," akasema mwingine.

Mwenyekiti Pyo akajikuna shingo. "Hiyo sufuria... ni ya nyumbani kwangu."

"Na uliniambia imeibiwa!" mkewe akapaza sauti kutoka pembeni.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, hata Bi Noh akainamisha uso kuficha midomo. Nimeishi bonde hili tangu nilipoolewa. Nimeona mavuno, harusi, na siku barabara ilipofika. Sijawahi kujivunia kuwa mtu wa hapa kama siku ile, watu wazima wakigombania kosa lao kama watoto wanaogombania peremende.

Kicheko kilipotulia, Bi Noh akamgeukia Tae-gon. "Ulipata wapi wazo la kumwekea fungu?"

"Kwa mama. Fungu la kunguru."

"Nyumbani kwetu pia tunaliacha," akasema Bi Noh. "Lakini nikuulize. Hao kunguru, huwa unawapelekea kwenye sahani?"

"Hapana," akasema Tae-gon.

"Unawaitaje?"

"Hatuwaiti. Tunaacha tu. Tunashuka kwenye mti, tunakwenda zetu." Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: "Fungu ni kile ambacho hukukichuma."

"Basi."

Alibaki amesimama, anakunja na kukunjua mikono. Kisha akasema kwa sauti ya baba yake: "Juu ya Mwamba wa Kobe pasigemwe tena. Mipira yote ishuke, ndoo zote zishuke. Tusipeleke kitu, tusiende hata kuchungulia. Hilo ndilo fungu lake."

Kila mtu alijua anayegema juu ya Mwamba wa Kobe ni mmoja tu. Mwenyekiti Pyo akamwambia kwa upole, "Na wewe, mwanangu, utagema wapi? Mawinguni?"

"Nitatafuta."

Sauti ilimtoka ndogo. Aliyemjibu ni Ok-bun, akijipanguza pua. "Ageme kwangu kijitoni. Miti ya marehemu inakaa bure, magoti yangu hayaniruhusu. Tutagawana maji. Lakini ule mtungi wa soya utanilipa kwa kuni, Tae-gon, na nataka za mwaloni, usiniletee takataka."

"Na kushoto kwangu kuna miti sijaimaliza," akasema Pyo. "Aunganishe mpira tu."

Basi kijana wangu hakwenda Ulsan. Bi Noh alipeleka maneno yetu kwa wakubwa wake, na majibu yalipokuja kibali kilibaki, kwa sharti lilelile lililotoka mdomoni mwa Tae-gon.

Lakini dubu alikuwa hajui lolote kuhusu sharti. Alirudi. Tulikuwa tumejipanga kwenye njia ya kijito, na masufuria, na mapipa, na matuazi ya shaba tunayopiga sikukuu ya mavuno, Bi Noh na wenzake katikati yetu. Alitokea kwenye mianzi, akasimama, akanusa huku na huku akimtafuta yule aliyemzoea. Alimwona. Alimtazama Tae-gon mikononi kama alivyomtazama Ok-bun.

Tae-gon akainua tuazi akalipiga. Hakuna aliyepiga kwa nguvu kama yeye. Alikuwa anamwendea mnyama hatua kwa hatua, Bi Noh amemshika koti kwa nyuma, na anapiga, na machozi yanamtiririka, na anapiga kelele: "Nenda, bibi! Nenda kwenu! Hapa hakuna kitu chako! Nenda!"

Dubu akamshangaa. Kisha sote tukapiga, bonde likatetemeka, naye akageuka, akapanda mbio safari hii, mawe yakiporomoka nyuma yake. Tulirudia kazi hiyo kila aliposhuka, mpaka akaacha kushuka. Bi Noh anasema redio yake sasa inasikika juu ya Mwamba wa Kobe, hasa msimu wa maji.

Mwaka huu amekagua mipira miwili mitatu karibu na mwamba. Tae-gon alipanda na gundi na vipande vya mpira, akaziba, akashuka ananung'unika: "Mkaguzi ameripoti kazini." Ananung'unika huku anapiga mluzi. Tangi la Ok-bun limejaa, na kuni za mwaloni zimepangwa ukutani mpaka dirishani.

Naandika haya kwa sababu nyumba tupu za bondeni zinapata watu. Vijana wanarudi, na wageni wa mijini wanahamia na watoto wao. Ni watu wazuri. Nawaona wanavyosimama njiani na biskuti mkononi wakitazama mianzi, nami naogopa, maana watu wazuri ndio tuliokuwa sisi. Wanangu, mambo ya kuepuka ni haya:

Usimpelekee dubu chakula, hata tunda moja, hata kwa huruma.

Usipande juu ya Mwamba wa Kobe, si kugema, si kuchungulia.

Usiache mpira wala ndoo mlimani msimu ukiisha.

Usitege waya. Ukiukuta wa zamani, usiuache pale. Ulete ukumbini.

Usimwage vichwa vya samaki wala mabaki ya wageni nyuma ya nyumba.

Usiamini neno la kwenye karata kabla hujamwuliza mwenyewe.

Usimsifie mwanao mbele ya kijiji kizima kabla hujafikiri wakimwiga wote itakuwaje.

Usimwambie mtu wa hifadhi "sijui" kwa jambo unalolijua.

Usimshike mwanao shati anaposimama kusema kweli.

Usiache mitungi ya soya bila jiwe zito juu ya kifuniko.